Kuvuta Si Kazi, Kazi Kusimama



Mwezi wa Novemba nilikuwa Nairobi kwa shughuli za siku tatu, nikalala kwa mpwa wangu mtaa wa Fedha, kule Embakasi. Anayeijua Fedha anazijua kelele zake: ndege zinazoteremka uwanja wa Jomo Kenyatta, na makondakta kwenye barabara ya Outer Ring wakiita abiria wa Taj Mall, ingawa jumba lenyewe lilibomolewa mwaka 2018. Asubuhi ya pili, baada ya swala ya Alfajiri, mpwa wangu alinishika mkono akanitoa nje ya geti.

"Mjomba, njoo uone riziki."

Riziki yenyewe ilikuwa trela. Kibanda cha chakula cha magurudumu mawili, buluu na nyeupe, chenye dirisha la kuuzia, jiko la gesi, oveni, friji na tangi la maji la lita 200. Kilichomelewa na fundi mmoja wa jua kali huko Eastlands, na kwa kukitazama tu, kazi ilikuwa safi. Mpango wake ulikuwa kukikokota kwa pikapu yake mpaka Mtwapa kabla ya likizo ya Disemba, watu wakijaa Pwani. Ndani ya pikapu wangekaa yeye, mkewe, watoto wawili na mama yake, yaani dada yangu. Nyuma ya pikapu jenereta, viti, masufuria na magunia.

Nilimuuliza kama gari itaweza. Akacheka. "Mjomba, hii yavuta tani tatu na nusu. Imeandikwa kwenye kitabu chake."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi na yeye tulikuwa tunaongea mambo mawili tofauti. Yeye alikuwa akihesabu nguvu ya kuvuta. Mimi, kwa miaka niliyofanya kazi ya kupitisha shehena bandarini na kusoma karatasi za mizani, nilikuwa nikihesabu kusimama. Kuvuta ni kazi ya injini, na injini za siku hizi hazina tabu. Kusimama ni kazi ya breki, matairi na mpangilio wa mzigo, na hapo ndipo watu hufa.

Nimeona nililete jambo hili hapa kwa sababu si la mpwa wangu peke yake. Tazama barabara ya Mombasa kwenda Malindi siku yoyote. Pikapu zinavuta boti za uvuvi, matangi ya maji, jenereta za harusi, vibanda vya chakula, na siku hizi hata vijumba vya kulala vya wapenda safari. Biashara hii inakua kila msimu, na anayekagua simwoni.

Uzito ambao haupimwi

Lori likitoka Mombasa kwenda Nairobi, lina mizani Mariakani na mizani Mlolongo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliandikwa kwa ajili ya magari ya mizigo ya tani 3.5 kwenda juu. Ni sheria nzuri, imeokoa barabara na imeokoa watu. Lakini pikapu yenye trela ndogo, kwa desturi, hupita pembeni ya mizani kama gari ya harusi. Dereva wake hata hajui kama yale maswali yanayoulizwa lori yangemhusu yeye pia.

Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, ambazo zinataka hata gari la kibinafsi lenye zaidi ya miaka minne likaguliwe kila mwaka. Makelele yalikuwa mengi. Katika mabaraza niliyokaa mimi, watu walibishana juu ya ada, foleni na rushwa. Hoja za haki kabisa. Lakini trela ndogo haikutajwa hata mara moja.

Na hali yetu barabarani si ya kupuuza. Kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, yaani NTSA, watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2024. Kumbuka Londiani, tarehe 30 Juni 2023. Lori lilipoteza mwelekeo na kuwavamia watu kando ya barabara, zaidi ya 50 wakafa. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa wakiuza bidhaa zao au wakingoja matatu. Uzito usiosimama humwacha mwenye mzigo ukamwendea mtu ambaye hata hakujua kwamba mzigo huo upo. Ndiyo maana nasema hili si jambo la mtu na gari yake. Ni haki ya njia, ambayo dini yetu imetufundisha tangu chuoni.

Maswali matatu

Basi pale nje ya geti nilimuuliza mpwa wangu maswali matatu. Msomaji mwenye trela, au mwenye nia ya kununua, ajiulize hayo hayo.

La kwanza: ina uzito gani? Alijibu kwamba fundi alimwambia "kama tani moja hivi". Hilo si jibu. Tulitafuta mizani ya magari ya mtu binafsi, ile wanayotumia wenye vyuma chakavu na wenye maghala ya nafaka, tukaivuta trela polepole kwa mwendo wa bajaji. Karatasi ikatoka: kilo 1,940. Karibu mara mbili ya maneno ya fundi. Na tangi la maji lilikuwa tupu. Lita 200 za maji ni kilo 200 nyingine.

Simlaumu fundi. Hana mizani, na hakuna aliyemtaka awe nayo. Yeye hununua chuma kwa futi na bati kwa shiti, hachomelei kwa kilo.

La pili: breki zake ziko wapi? Hapakuwa na breki. Trela ile ilikuwa na ekseli, springi, magurudumu na taa, basi. Sasa rudi kwenye kile kitabu cha gari. Pikapu za namna ya Hilux na D-Max, nyingi za matoleo ya karibuni, zinatajwa kuvuta hadi kilo 3,500. Hiyo ni trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, kitabu hicho hicho kinasema kilo 750 tu. Uingereza na Australia nako, kilo 750 ndiyo mpaka. Ukiuvuka, trela lazima iwe na breki.

Sababu yake haihitaji shahada. Pikapu tupu ni kama tani mbili. Breki zake zimeundwa kuisimamisha yenyewe na mzigo wake halali. Ukiifunga nyuma tani mbili zisizo na breki, breki zile zile sasa zinazuia magari mawili. Hayo ni mahali tambarare. Fedha iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mtwapa iko baharini. Katika safari hiyo ya karibu kilomita 500 kuna miteremko mingi, kuanzia Salama mpaka ule wa Mazeras kuingia Miritini. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko, zinapata moto, na breki iliyopata moto hukanyagwa mpaka chini bila kushika. Kumbuka pia kwamba nguvu inayopaswa kuzuiwa haipandi sawa na mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukaenda 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini nguvu ya kuzuia imeongezeka karibu mara mbili kasoro kidogo.

La tatu: uzito umekaa wapi? Hili ndilo wengi hawalijui, na watu wa Pwani tungepaswa kulijua kuliko wote. Nahodha hapakii jahazi ovyo. Anajua farumi ikae wapi na shehena ikae wapi, kwa sababu chombo kilichopakiwa vibaya huenda mrama hata bahari ikiwa shwari. Trela ni vivyo hivyo. Mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, mkia wa trela unakuwa mzito, mkono wake wa mbele unanyanyua nyuma ya pikapu, na ukifika mwendo fulani trela inaanza kupepesuka kushoto na kulia. Kila mpepesuko ni mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka trela inaiburura gari.

Kipimo chake ni rahisi. Mkono wa trela, pale unapokaa juu ya tufe la chuma la pikapu, unatakiwa ubebe kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela, au zaidi kidogo. Usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kile chuma cha kukokotea. Tulienda duka la nafaka, tukaazima mizani ya magunia, tukaulaza mkono juu yake trela ikiwa imelala sawa. Kwa trela ya kilo 1,940 tulitarajia kama kilo 190. Mizani ilisoma 60. Fundi alikuwa ameweka oveni, friji na tangi vyote upande wa nyuma ili dirisha la mbele libaki wazi. Kwa macho ni jiko zuri. Barabarani, basi moja la usiku likikupita kwa kasi pale Tsavo na upepo wake ukakusukuma, lingekuwa janga.

Na kilo hizo za mkono wa trela zinahesabiwa kuwa mzigo wa pikapu yenyewe. Pikapu nyingi hubeba kama tani moja. Watu watano, wawili wao watoto, ni kama kilo 300. Jenereta, viti, vyombo na magunia tuseme 400. Ongeza 190 za mkono wa trela, unafika 890, na bado mtu atakuja na kapu la maembe njiani. Tena kitabu kina nambari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Kadiri unavyojaza gari, ndivyo trela unayoruhusiwa kuvuta inavyopungua. Zile tani tatu na nusu si zako zote kila siku.

Wenye trela iliyo sawa

Sitaki nionekane ninawakataza watu wasivute. Trela iliyoundwa vizuri ni mali, na wenye boti na vibanda wanaishi kwayo. Ikiwa yako ina breki, na uzito umepimwa, yako mengine ya kutazama kabla hujawasha gari.

Panga mzigo mzito chini kabisa na karibu na ekseli, zaidi ya nusu yake ukiwa upande wa mbele, na ufunge kwa mikanda kila kitu kinachoweza kuteleza. Maji mwaga, utajaza ukifika. Mitungi ya gesi usisafiri nayo ikiwa imeunganishwa na jiko.

Hakikisha tufe la pikapu na kikombe cha trela ni saizi moja. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo hukaa vizuri mpaka tuta la kwanza. Pini ya kufungia iwe imeingia. Minyororo miwili ya usalama ipishane msalaba chini ya mkono wa trela, ili mkono ukichomoka uangukie juu ya minyororo, usichimbe lami. Taa za breki na za kugeukia ziwake, na vioo vya pembeni vione mpaka nyuma ya trela.

Matairi ya trela ndiyo husahaulika. Tafuta ubavuni nambari nne za tarehe. Ikiwa imeandikwa 3516, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2016, na hata kama kashata zake bado ni nene, mpira umekwisha kuzeeka. Pia tairi la gari ndogo ya saluni halikuundwa kubeba nusu ya tani mbili.

Barabarani, mwendo wako uwe wa lori. Magari ya biashara yamewekewa mpaka wa kilomita 80 kwa saa, na mwenye trela asione aibu kubaki chini ya hapo. Acha nafasi mbele yako maradufu ya ile uliyoizoea. Kwenye mteremko, ingia gia ya chini kabla hujaanza kushuka, injini ikusaidie kushika, na breki uziguse kwa vipindi. Kushuka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta ni kuuza roho kwa lita moja ya dizeli.

Na trela ikianza kupepesuka? Mkono hutaka kuzungusha usukani na mguu hutaka kukanyaga breki kwa nguvu. Vyote viwili huzidisha. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara na ulionyooka, acha mwendo uanguke wenyewe. Kama trela ina breki za umeme zenye swichi ya mkono ndani ya gari, zitumie hizo peke yake. Ikitulia, simama mahali salama upange mzigo upya, kwa sababu itarudia.

Kila baada ya saa mbili, shuka. Emali, Mtito Andei, Voi. Wengi wetu husimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, tukaswali. Ukishaswali, zunguka trela. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na vitovu vya magurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi inakufa au breki imeng'ang'ana. Nati za magurudumu zijaribiwe kwa spana. Dakika kumi tu.

Si kudra, ni uzembe

Nilipomaliza kumweleza mpwa wangu, alinyamaza. Kisha akasema maneno ambayo msomaji umeyasikia mara nyingi: "Mjomba, mbona wangapi wanavuta hivi hivi na wanafika? Chombo cha kuzama hakina usukani."

Methali hiyo ni yetu na ninaiheshimu. Lakini tumeifanya kichaka cha kujifichia. Kisa cha yule bedui aliyemuuliza Mtume wetu (S.A.W.) juu ya ngamia wake kila mtoto wa madrasa anakijua: funga kwanza, kisha tawakali. Chombo cha mpwa wangu kilikuwa na usukani. Kilichokosekana ni breki, na breki hainunuliwi kwa dua. Wanaofika bila breki wamefika kwa sababu siku hiyo hakuna mtoto aliyekatiza barabara mbele yao.

Serikali nayo ina lake. Fundi wa jua kali ana ujuzi, hana kanuni iliyoandikwa kwa lugha yake na kwa kipato chake. NTSA inaweza kuwataka wanaounda trela ndogo wagongomee kibati chenye vitu vitatu: nani ameiunda, uzito wake wa juu, na kama ina breki. Serikali za kaunti zetu, ambazo ni nyepesi kukusanya ada ya leseni kutoka kwa vibanda vya chakula, ziulize hicho kibati kabla ya kutoa leseni. Na mizani za barabara kuu ziwe na siku au saa ambapo mwenye trela ndogo anaweza kupima kwa hiari, akapewa karatasi bila kuogopa kwamba anajipeleka kizimbani. Mtu akijua kwamba kupima si kujishtaki, atapima.

Wenye bima nao waulizwe. Usidhani bima ya pikapu inafuata trela. Muulize wakala wako na akujibu kwa maandishi, kabla ya safari.

Na trela ya Fedha? Mpwa wangu alikasirika siku mbili, na ninamwelewa. Alikuwa amekopa, amelipia sehemu Mtwapa, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa hasara. Kumwekea trela breki za kweli na kuhamisha oveni kungekula wiki tatu. Jibu lilitoka pale pale barabarani, kwenye jambo ambalo wafanyakazi wa bandari wanalijua: malori mengi hupanda Nairobi yamejaa na hurudi Mombasa matupu, kwa hivyo nauli ya kushuka huwa nafuu. Tulimpata mwenye lori bapa aliyekuwa akirudi. Trela ikapandishwa kwa winchi, ikafungwa kwa mikanda, ikapita Mlolongo na Mariakani juu ya gari lililoundwa kuibeba. Pesa ilitoka kwenye akiba ya kodi ya nyumba, na Ijumaa ya kufungua biashara ilimpita.

Dada yangu na wajukuu wake waliteremka kwa pikapu kesho yake, hawana kitu nyuma yao. Nilipompigia simu jioni walikuwa wameshafika, watoto wanalilia kwenda ufuoni. Trela imesimama Mtwapa, inauza, na fundi wa breki anatarajiwa msimu ukipungua. Mpaka siku hiyo haiendi popote. Hilo tumekubaliana, na mama yake ndiye shahidi.

Ikiwa nawe una trela uani, fanya moja tu wiki hii: ipime. Karatasi ya mizani itakwambia mengine.

Wabillahi tawfiq.